Vidonge Kumi vya Rangi Mbili

Shangazi yangu, anayeishi Ngamiani hapa Tanga, alikohoa siku tatu mfululizo, na siku ya nne akanipa noti ya shilingi elfu tano. "Mwanangu, kaniletee vidonge vya rangi mbili. Kumi vinatosha." Wasomaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa kwamba rangi mbili ni jina la mtaani la kapsuli za viuavijasumu, kwa kawaida amoksilini. Katika duka la dawa muhimu lililo karibu, dada aliyevaa koti jeupe aliniuliza maswali ambayo sikuwa na majibu yake: kikohozi ni kikavu au kina makohozi, mgonjwa ana homa, amewahi kudhuriwa na penisilini, na kwa nini kumi. Nilipomjibu kwamba ndivyo nilivyotumwa, aliniambia shangazi aende kupimwa hospitali ya Bombo au zahanati yoyote, na akiandikiwa nirudi na cheti.

Nilitoka nimeudhika, hasa kwa kuwa dada huyo huyo alikuwa ametoka kumuuzia mtu parasetamoli bila hata kumtazama usoni. Hasira hiyo ndiyo iliyonifanya nisome jinsi serikali zinavyoamua dawa ipi iuzwe wapi na nani.

Nililoligundua mapema ni kwamba anayepanga madaraja ya dawa, yaani ipi ni ya cheti na ipi ni ya kuuzwa wazi, hutazama mengi zaidi ya kemikali: kipimo chake, idadi ya vidonge ndani ya pakiti, ugonjwa unaotibiwa, na elimu ya mtu aliyesimama nyuma ya kaunta. Uingereza ndiko mambo haya yanakoonekana waziwazi. Tangu mwaka 1998, duka la kawaida la bidhaa huko linaruhusiwa kuuza pakiti ya parasetamoli yenye vidonge visivyozidi 16 vya miligramu 500, ilhali famasi huuza pakiti za hadi 32, kwa sababu parasetamoli nyingi kupita kiasi huharibu ini na kuna watu waliokuwa wakiimeza kwa makusudi. Kidonge ni kile kile, lakini pakiti inapokuwa kubwa daraja linabadilika. Vivyo hivyo kwa dawa ya nguvu za kiume, sildenafili (msinicheke): mwaka 2017 waliruhusu ile ya miligramu 50 iuzwe na mfamasia baada ya maswali kadhaa, lakini ile ya miligramu 100 ikabaki ya cheti.

Dawa huweza pia kupandishwa daraja. Australia iliiondoa kodini ya kipimo kidogo kwenye kaunta za famasi tarehe 1 Februari 2018 na kuitaka iandikiwe na daktari, baada ya kubainika kwamba watu walikuwa wakizoea vidonge vya maumivu na kushindwa kuviacha. Marekani nako, hadi katikati ya karne iliyopita, mtengenezaji mwenyewe ndiye aliyekuwa akiamua kama dawa yake ni ya cheti au la, hata dawa moja ikawa na masharti mawili kutoka viwanda viwili. Sheria ya mwaka 1951 iliyomaliza vurugu hiyo iliandikwa na wabunge wawili, Carl Durham na Hubert Humphrey, ambao wote walikuwa wafamasia kabla ya siasa. Napenda kuamini kwamba walikuwa wamechoshwa na maswali ya wateja.

Kwetu Tanzania ngazi zinafanana na za wengine: dawa zinazodhibitiwa vikali, kama mofini, ambayo imo pia katika mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa mwaka 1961, dawa za cheti, dawa za famasi, na zile za kuuzwa bila masharti makubwa. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba husajili na kupanga dawa, na Baraza la Famasi husimamia wafamasia na maduka. Ila sisi tulikuwa na tatizo ambalo London hawakuwa nalo, nalo ni uchache wa wafamasia. Maduka ya zamani ya dawa baridi yaliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti tu, lakini mengi yaliuza viuavijasumu kwa siri, kwa kuwa famasi kamili ilikuwa mjini na mgonjwa alikuwa kijijini. Mwaka 2003, kuanzia mkoa wa Ruvuma, serikali ilianza kuyageuza kuwa maduka ya dawa muhimu: mtoa dawa anapewa mafunzo, duka linakaguliwa, na orodha fupi ya dawa za cheti, amoksilini ikiwemo, inaruhusiwa kuwapo rafuni.

Mimi nauona uamuzi huo kuwa wa busara, kwa sababu ulikubali hali ilivyo badala ya kuikataza kwenye karatasi. Lakini uliweka mzigo mzito juu ya bega la mtu mmoja. Kwa daktari, cheti ni karatasi tu. Kwa mtoa dawa wa mtaani ni sababu ya kumkatalia jirani anayemfahamu kwa jina, ambaye ataondoka na fedha zake na pengine asirudi. Shirika la Afya Duniani nalo, tangu mwaka 2017, limegawa viuavijasumu katika makundi matatu kulingana na hatari ya vimelea kuvizoea. Amoksilini imo katika kundi la kwanza, la dawa za kutumiwa mwanzo, ilhali siprofloksasini imo katika kundi la pili linalohitaji uangalizi zaidi. Kuwa katika kundi la kwanza hakumaanishi kwamba dawa inafaa kwa kila kikohozi, maana vingi husababishwa na virusi, na amoksilini haiui virusi. Wala vidonge kumi, vikimezwa vitatu kwa siku, havifiki hata siku nne.

Nilimweleza shangazi haya yote, naye akanisikiliza kwa adabu. Alasiri ile ile akamtuma mtoto wa jirani kwenye duka jingine, na mtoto akarudi na vidonge kumi ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na maandishi. Alimeza vinne, kikohozi kikapungua. Sita vilivyobaki vimo jikoni kwake, ndani ya kopo la hiliki, vinamsubiri mgonjwa mwingine.