Ba'mdogo na pingu za Bagamoyo

Juzi kijana wangu alikuwa anakariri mistari ya Kipaimara, Waefeso 2:8, akafika kwenye "kipawa cha Mungu" akaniuliza, baba, yaani bure kabisa? Nikamwambia ndio, bure. Ila usiku ule nililala namuwaza ba'mdogo.

Alikuwa katoka jela, aliiba hela za watu. Jumapili kanisani anakaa benchi la nyuma, wakiitwa kwenye Meza ya Bwana yeye hanyanyuki. Ndo usharika ukaandaa safari ya Bagamoyo, mama akamlazimisha apande Coaster.

Tukafika misheni, kwenye makumbusho yao. Mle ndani kuna pingu na minyororo ya watumwa. Kijana aliyekuwa anatuzungusha akaeleza kwamba mapadri wa Roho Mtakatifu walifika pale 1868, wakawa wanawanunua watumwa, hasa watoto, ili wawe huru. Watu wakapiga picha wakasogea. Ba'mdogo akabaki. Kazikodolea macho zile pingu, zimeliwa na kutu, nene, na mkono wake wa kulia umekamata kifundo cha mkono wa kushoto anakisugua taratibu, nadhani hata hakujua kama anasugua. Mimi nimesimama pembeni yake nashindwa hata kumwambia twende.

Akamwita yule kijana. "Mwanangu, hao watoto waliokombolewa, ile hela waliirudisha?"

"Wairudishe na nini mzee? Hawakuwa na kitu."

"Na hawakudaiwa?"

"Hawakudaiwa. Ila walikaa hapahapa, wakafundishwa kusoma na ufundi, wakawa wanalima mashamba ya misheni."

Ba'mdogo akanyamaza, midomo inamcheza. Halafu akasema, "Wakalima," kama anajiambia mwenyewe, akatoka nje akakaa chini ya mwembe mpaka tunaondoka.

Ushirika uliofuata alienda mbele, akapiga magoti na wenzake, mama alilia sana na mimi sikuweza kuimba. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa ile siku.

Lakini kila akivuna mpunga anampelekea gunia mzee mmoja ambaye yeye alimwibia hela. Mzee alishamsamehe zamani, kashamwambia, "Mdogo wangu, inatosha, sikudai." Anapeleka tu. Mama anasema huyu neema hajaielewa, bado analipa. Mimi namkumbuka Zakayo, aliahidi kurudisha mara nne na Yesu hakumkataza, akasema leo wokovu umefika nyumba hii. Ila hata wale watoto wa Bagamoyo najiuliza, wakiwa na jembe kwenye shamba la misheni walijiona huru au walijiona wana deni? Siku moja nikamuuliza ba'mdogo mwenyewe hilo gunia ni la nini, akaniambia nishike upande wa pili tulipakie kwenye bodaboda.