Mlango Ulifunguka Upande wa Magari

Nauli ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Kigali ukimtajia mtu aliyezoea safari za Moshi, atakuuliza kama umeruhusiwa kushuka na kiti chako. Nililipa bila kubisha. Wakaniambia gari ni luksari. Kiti changu kiligoma kulala, soketi ya ubavuni ilikuwa pambo, na jirani yangu alianza kula mayai ya kuchemsha Morogoro na hakuacha mpaka giza lilipomficha. Singida ilipita nikiwa usingizini. Kahama nilishuka nikanunua kiroba cha mchele, kwa maagizo ya dada yangu aliyeolewa Rwanda: mchele ni wa mama mkwe wake, anayeishi Kibungo, na mdogo wa shemeji angenisubiri hapo barabarani aupokee. Naomba mkikumbuke hicho kiroba.

Kutoka Nyakanazi hadi Rusumo ni milima na malori tu. Pale Rusumo, mpakani mwetu na Rwanda, mto Kagera unaporomoka chini ya daraja, maji yake rangi ya chai ya maziwa. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivukia hapo na msafara wake kuingia Rwanda. Miaka mia moja baadaye, mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka kuja upande wetu ndani ya siku moja hivi, na Benaco, jina la kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara, likawa jina la kambi yao. Wazee waliokuwemo kwenye basi walinyamaza tulipokuwa darajani. Kisha tukashushwa kugongewa mihuri na kelele zikaanza upya, hasa za wabadilisha fedha, ambao walinipa faranga kwa bei ambayo mpaka leo nikiikumbuka napoteza hamu ya kula.

Hapo mpakani magari hubadilishana pande. Sisi tunaendesha kushoto kwa sababu Mwingereza alituachia hivyo. Wao wanaendesha kulia kwa sababu Mbelgiji naye aliwaachia vyake. Hilo kila mtu analijua. Ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba basi la Kitanzania likivuka mpaka halibadiliki umbo. Usukani unabaki kulia, mlango wa abiria unabaki kushoto, na kushoto sasa ni katikati ya barabara.

Balaa la kwanza lilikuwa la dereva. Akiwa nyuma ya lori haoni kitu, maana amekaa upande wa mtaroni. Kwa hiyo konda alisimama mlangoni akawa macho yake: "Bado... bado... kuna fuso... tulia... nenda, nenda, nenda!" Na sisi tunakwenda, kwenye kona, kilima kushoto, bonde kulia. Mama mmoja nyuma yangu alikuwa akimwitikia konda kila neno, "bado" kwa "bado", mpaka tukashindwa kujua dereva anamsikiliza nani.

Balaa la pili lilikuwa langu. Tulipofika Kibungo konda akatangaza dakika tano, wa kuchimba dawa achimbe dawa. Basi likasogea kulia kabisa, likaegesha ukingoni. Nikamwona kijana mrefu amesimama kwenye nyasi, anapunga mkono, nikajua ndiye mdogo wa shemeji. Nikakipandisha kiroba begani nikaenda mlangoni. Kwetu ukishuka basi unakanyaga majani, au unakanyaga muuza karanga, basi. Huangalii kitu. Mlango ukafunguka, nikashusha mguu, na mguu ukatua kwenye lami, mbele ya pikipiki.

Sikuiona hata rangi. Ilinipita kati ya pua na kiroba, kioo chake kikanasa mshono, na mchele wa Kahama ukamwagika barabarani kutoka mstari mweupe hadi mstari mweupe. Mimi nilibaki nimesimama, mfuko mtupu begani. Yule dereva wa pikipiki alisimama mbele kidogo, akarudi akiwa amevua kofia yake ngumu, akanikagua mikono na kurudia, "Mwihangane, madamu, mwihangane." Konda yeye hakuwa na pole.

"Dada, si ungeangalia kwanza!"

"Niangalie nini? Mlango umeufungua wewe!"

"Mlango uko hapo tangu Dar."

Abiria wakajaa madirishani kutoa hukumu. Nusu walimtia konda hatiani, nusu wakasema ni pikipiki. Yule wa mayai akatoa hoja kwamba mchele wa juu haujagusa lami, ukiuchota kwa utaratibu unapikika. Nami nilikuwa nimeinama naanza kuuchota walipofika akina mama wawili wa usafi, wamevaa vizibao vya kung'aa, na mifagio mirefu. Nikafarijika kwamba msaada umekuja. Mmoja akanikabidhi mfagio. Mwenzake akamkabidhi konda beleshi.

Nilidhani ni utani. Mwenye duka la ng'ambo akanitafsiria kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha konda: "Madamu, hapa barabara hatuiachi hivi. Mkimaliza mtakwenda." Dereva akapiga honi, hakuna aliyegeuka. Watu walikuwa na adabu tele na hawakusogea hatua. Basi nikafagia. Mtoto wa watu, nimevaa gauni nililolishonesha kwa ajili ya kupokelewa na wakwe, nafagia barabara kuu ya nchi ya watu huku malori ya Dar yakipunguza mwendo na madereva wake, Watanzania wenzangu, wakiniuliza kwa sauti kama nimepata ajira.

Na hivyo ndivyo ndugu wa shemeji yangu alivyonikuta kwa mara ya kwanza. Alivuka, akainama kidogo, akanipokea mfagio kwa mikono miwili na kunisalimia kwa Kiingereza cha darasani. Tuliokoa mchele wa sufuria chache, wenye mchanga. Kampuni ya basi haikunilipa hata senti. Konda alinipa chupa ya maji nusu lita, naye alitaka nimshukuru.

Siku za Kigali zilikwenda haraka, nami sina mengi ya kusema juu ya majengo. Mji ni msafi, vilima vinachosha magoti, na kila kitu ni ghali. Mlo wa mchana wa melanje, yaani unajipakulia sahani moja tu, nayo unairundikia milima ya wali, ndizi, maharage na viazi kwa kuwa hurudi tena, niliulipa faranga ambazo nikizigeuza kuwa shilingi ningelisha nyumba nzima. Chipsi zinakuja na mayonezi. Si kachumbari wala pilipili ya mbuzi, bali mayonezi, nyeupe, imerundikwa pembeni. Shemeji anakula hivyo tangu utoto, na ukienda Ubelgiji, aliwahi kwenda, utawakuta wenyewe wanakula hivyo hivyo. Dada yangu naye siku hizi anachovya. Nilimtazama tu.

Simu ilizimika usiku wa kwanza. Plagi yangu ina meno matatu bapa ya Kiingereza, ukuta wa shemeji una matundu mawili ya duara ya Ulaya bara. Kwetu mtu akija na plagi ya meno mawili tunachokoa tundu la juu kwa kalamu, inaingia, Mungu anatulinda. Huku hakuna cha kuchokoa. Nikanunua adapta kwa faranga elfu tatu, na muuzaji hakuona haya.

Shemeji ni mwalimu. Alisoma kwa Kifaransa. Mdogo wake, yule wa mfagio, alikutana na uamuzi wa serikali wa 2008 na akasomeshwa kwa Kiingereza. Mezani mkubwa anatafuta neno la Kifaransa, mdogo anatafuta la Kiingereza, mama yao akiwepo wote wawili wanarudi kwenye Kinyarwanda, na mimi wananihurumia kwa Kiswahili. Nilipomsimulia shemeji kisa cha Kibungo alicheka mpaka akavua miwani.

"Shemeji," akasema, "pale ulipomwaga mchele palikuwa kwenu."

Nikamwambia aache utani. Akaapa. Wajerumani walitawala Tanganyika, Rwanda na Burundi kama koloni moja. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yalitoka Congo yakachukua Rwanda na Burundi, yakaenda hadi Tabora. Vita vilipokwisha, 1919, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walikaa kugawana. Waingereza walitaka ukanda wa mashariki ya Rwanda, nchi ya Gisaka, wapitishie reli ya kutoka Cape hadi Cairo waliyokuwa wakiiota. Wakapewa. Kibungo iko Gisaka. Kwa muda mfupi, mwanzoni mwa miaka ya 1920, babu zake shemeji walikuwa chini ya Mwingereza pamoja na babu zangu. Mfalme Musinga wa Rwanda alilalamika kwamba amekatiwa nchi, wamisionari Wakatoliki wakapiga kelele upande wake, na reli yenyewe haikujengwa. Kufikia 1924 Gisaka ikawa imerudi Rwanda. Upande wa Burundi mambo hayakwenda hivyo: Bugufi, iliyokatwa kutoka Burundi, ilibaki Tanganyika, na leo imo wilayani Ngara, huku kwetu, wanaendesha kushoto.

"Kwa hiyo reli ingejengwa," nikamwambia, "ningeshuka kwenye majani."

"Na mimi ningekula chipsi kavu."

Akanichekesha zaidi na habari za bandari. Kwa kuwa Wabelgiji walibaki na nchi zisizo na bahari, Waingereza waliwakodisha maeneo ya kushushia mizigo Dar es Salaam na Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Faranga moja! Ndiyo bei pekee ya maana niliyoisikia safari nzima.

Lakini kuna urithi ambao sikuweza kuutania. Gisozi, hapo hapo Kigali, kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, nilisoma habari za vitambulisho. Ni utawala wa Wabelgiji ulioanza, miaka ya 1930, kuandika kwenye kadi ya kila mtu mzima kama yeye ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Wakoloni waliondoka 1962, kadi zikabaki, serikali zilizofuata zikaendelea kuzijaza, na mwaka 1994 zikawa zinasomwa kwenye vizuizi vya barabarani ili kuamua nani apite. Kitambulisho cha shemeji cha sasa hakina mstari huo. Alinionyesha bila kuombwa, akakirudisha mfukoni, tukaongea mambo mengine.

Jioni moja alikuwa akitazama Bunge letu la Dodoma kwenye simu, maana anapenda kusikia Kiswahili cha wabunge wakigombana. Spika akaingia, mbele yake mpambe amebeba siwa.

"Yule anaogopa nini hata atembee na rungu?"

Nikajaribu kueleza kwamba ni alama ya mamlaka ya Bunge, isipokuwepo kikao si kikao. Akauliza ni mila ya kabila gani. Nikanyamaza, maana ni mila ya Westminster, ingawa jina tumeipa la pembe la masultani wa pwani. Nikaona nisimtajie kabisa manywele ya bandia ya majaji wetu, ambayo wameyavaa Dar es Salaam, mwezi wa pili, jasho likitiririka. Baba yangu alikuwa karani, akinywa chai saa kumi kamili, kikombe na kisahani, na mtoto aliyeongea wakati huo alijuta. Sisi watoto tulidhani ni tabia ya ukoo wetu.

Nimekuwa nikiwaza tangu nirudi kwamba Rwanda wamegeuza vitu vikubwa kuliko sisi. Bendera mpya 2001, lugha ya shule 2008, Jumuiya ya Madola 2009 bila kuwahi kutawaliwa na Mwingereza, ukiiacha Gisaka. Upande wa barabara haujageuzwa, na naelewa kwa nini. Lugha inageuzwa kwa tangazo la mawaziri, mateso wakayabeba walimu. Mlango wa basi unataka kiwanda, kila taa ya makutano ihamishwe, na kila mguu ujifunze upya, na hakuna tangazo linaloufikia mguu.

Wakati wa kurudi nililipa nauli ile ile kwa kiti kile kile kibovu. Kariakoo, nilipokwenda kununua vitunguu, nikakuta adapta yangu, ile ile, rangi ile ile, imetandikwa chini kwenye turubai. Shilingi elfu mbili, na kijana alikuwa tayari kupunguza.