Volkswagen yangu haichemshi tena

Mafundi wa Mwanza nawaheshimu, lakini kwenye Volkswagen ya mgongo wa kobe wamenichosha. Kila niliyemwendea alikuwa na jibu lilelile: toa hiyo injini, weka ya Toyota. Mmoja wa Igoma alikuwa na injini ya Starlet chini ya mwembe na akaanza kunipigia hesabu papo hapo. Mwingine alitaka kuukata mlango wa injini aweke wavu. Wa Nyakato, ambaye kila mtu alinielekeza kwake kama ndiye bingwa, aliniambia nivue mabati yote yanayoizunguka injini "ili ipumue, kijana wangu, huku kwetu kuna joto." Joto lipi? Volkswagen kama hii ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1962, hapa hapa Afrika Mashariki, ikiwa na injini ya 1200 tu.

Langu sasa linapanda mlima wa Bugando saa nane mchana, watu wanne ndani, na halichemshi. Injini ni ileile ya nyuma, inayopoa kwa upepo, na mabati yote yapo. Nimelijenga mwenyewe uani kwangu Nyegezi.

Ni 1300 ya mwaka 1969. Nililinunua Isamilo kwa mjane wa mwalimu mmoja, kwa pesa ambayo ungepata pikipiki iliyotumika, pengine pungufu kidogo. Mama yule alisimama barazani akinitazama nikilizunguka, kisha akaniuliza kama naenda kulikata kwa vyuma chakavu. Nikamwambia, "Hapana mama, hili litatembea." Akanipunguzia bei bila kuombwa.

Anayetaka kununua la kwake, ainue kwanza kiti cha nyuma upande wa kulia. Betri inakaa pale, na tindikali yake hula sakafu kuliko hata mvua. Halafu achukue bisibisi agonge chini ya milango, kule kwenye mifereji inayopitisha hewa ya moto kwenda mbele. Bisibisi ikizama, ajue kuna kazi ya kuchomelea. Langu ilizama pande zote mbili. Aulize pia umeme: la 1969 la aina hii ni volti 12, lakini mengi ya miaka ya nyuma yake ni volti 6, na balbu za volti 6 hapa mjini utazitafuta mpaka uchoke.

Bodi ya gari hili imefungwa kwa bolti juu ya sakafu, kwa hiyo inavuliwa nzima. Ukishafungua bolti za kuzunguka, usukani, nyaya, bomba la mafuta na la breki, kinachobaki ni kunyanyua. Winchi sikuwa nayo. Nilishuka Luchelele jioni, wavuvi wakiwa wamemaliza kuvuta mitumbwi nchi kavu, nikawaomba. Wakaja wakicheka, wakajipanga kila mmoja na kona yake, mmoja akaanzisha wimbo, na kabla hajaumaliza bodi ilikuwa juu ya mapipa manne. Pesa walikataa. Wakala ugali na sato, wakaniambia siku ya kuirudisha nisiite watu wengine. Mafundi wawili walikuwa wameniambia kwamba kazi hiyo haifanyiki bila gereji yenye mitambo.

Sakafu niliikata upande wa betri, nikachomelea bati jipya, nikapaka praima na rangi nzito ya chini. Breki sikubana pesa hata kidogo: masta silinda mpya, mabomba mapya, na mipira yote ilikuja kwa basi kutoka Nairobi kupitia Sirari. Spea za gari hili Nairobi ni rahisi kuliko unavyofikiri, ila umpate mtu mwaminifu wa kukununulia.

Injini niliiongezea nguvu. Ya kiwandani ni sentimita za ujazo 1,285, na nguvu zake ni za farasi 40 tu. Usagara nilipata Kombi, lile basi dogo la Volkswagen, iliyokufa yenye injini ya 1600, nikanunua silinda, pistoni na silinda hedi zake, yaani vifuniko vya juu ya silinda. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawakuambii: silinda za 1600 zinakaa kwenye krenkikesi (kasha kuu la injini) ya 1300 bila kuchonga chochote, kwa sababu matundu yake ni sawa, lakini hedi za 1300 hazizipokei. Lazima uchukue hedi pamoja na silinda. Pistoni zinatoka milimita 77 kwenda 85.5, na ujazo unafika 1,584. Kabureta nilibadilisha jeti kuu tu, kile kitundu kinachopima petroli, tena kwa kiasi, maana Mwanza ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Jeti kubwa mno ingekula petroli bure na kuzijaza plagi masizi.

Turudi kwenye mabati, maana kila aliyenishauri aliharibikia hapo.

Injini hii haina rejeta. Ina feni kubwa ndani ya boksi la bati, nyuma ya dinamo. Feni inavuta hewa ya baridi kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha nyuma, inaisukuma chini kwa nguvu ipite katikati ya mapezi ya silinda, na ikishachukua joto inatokea chini ya gari, karibu na eksozi. Kwa hiyo kuna hewa ya juu, baridi, na hewa ya chini, moto. Kinachozitenganisha ni yale mabati pamoja na mpira unaozunguka ukingo wa chumba cha injini. Ukivua mabati, au mpira ukiwa umekatika, feni inaanza kuvuta hewa ileile iliyotoka kwenye eksozi. Inapuliza moto juu ya moto. Fundi anaona injini inachemsha, anavua bati jingine ipate hewa zaidi, na injini inazidi kuchemsha. Ndiyo maana Volkswagen nyingi zimefia barabarani.

Langu liliponifikia lilikuwa limeshavuliwa. Bati la mbele halikuwepo, la nyuma juu ya eksozi halikuwepo, mpira haukuwepo kabisa. Zile bati ndogo mbili zinazokaa chini ya silinda, kila upande moja, nazo zilikuwa zimetupwa. Hizo ndogo hakuna anayezijali, wakati kazi yake ni kuibana hewa ipite kwenye mapezi hadi chini badala ya kutawanyika. Za chini nilizipata kwenye ile Kombi, pamoja na za juu ya silinda. Bati la mbele na la nyuma la Kombi halina umbo la chumba cha injini cha gari dogo, kwa hiyo hayo ilibidi niyatengeneze.

Nilianza na umbo. Nilisaga mkaa, nikachanganya na grisi, nikapaka ukingo wote wa chumba cha injini kwa kidole. Injini ikiwa mahali pake, nikachukua karatasi ya manila, nikaibandika taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine na kuisugua kwa kiganja. Ilipotoka ilikuwa na chapa nyeusi ya ukingo wote, pamoja na matundu ya bomba na nyaya. Nikakata kwa mkasi, nikarudisha, nikapunguza hapa, nikabandika kipande pale, mpaka manila ikakaa bila kuacha upenyo wa kidole. Kazi hiyo niliifurahia kuliko nyingine zote.

Manila nikaipeleka Mabatini kwa mzee anayetengeneza majiko ya mkaa. Nilimpa shikamoo, nikaikunjua mbele yake. Akaigeuza, akauliza ni jiko la aina gani. Nilipomweleza, akaacha alichokuwa anafanya. Kwanza tulijaribu bati la kuezekea, kwa kuwa lilikuwepo, na halikufaa: ni jembamba, na mtikisiko wa injini ulilipasua kwenye matundu ya skrubu. Mzee akalitazama lile lililopasuka, akasema, "Hili linataka pipa." Akachukua pipa la zamani la oili, akalichana, akalinyoosha juu ya chuma cha reli kwa nyundo ya mbao, akakata kwa manila yangu. Kisha, bila kuambiwa, akakunja ukingo wote mara moja kama anavyokunja mdomo wa jiko. Mkunjo ule ulilipatia bati ugumu, na ukanipa mahali pa kushikiza mpira. Gharama yake ilikuwa chini ya matairi mawili ya pikipiki. Nimewaona mafundi wa injini wakimdharau fundi majiko, na mimi nasema wazi kwamba yule mzee ameelewa hewa na moto kuliko wao wote, maana ndiyo kazi yake ya kila siku.

Mpira niliutoa kwenye tyubu ya baiskeli. Niliichana kwa urefu, nikaikunja juu ya ule ukingo, nikaishona kwa uzi wa nyavu za sangara, ambao hauozi upesi. Mdomo wa tyubu unagusa bodi na kuziba. Tyubu hukauka kwa joto, kwa hiyo naikagua, na ikianza kupasuka nabadilisha. Ni bei ya soda chache.

Sasa utajuaje kwamba umeziba kweli? Macho hayatoshi. Mimi nilitumia udi. Nilisubiri jioni upepo wa ziwani ulipotulia, nikawasha injini ikae sailensa, bila kukanyaga mafuta, nikalala kando ya gari na kijiti cha udi mkononi na tochi ya simu mkono mwingine. Nikapitisha udi polepole chini ya ukingo wa mabati. Palipoziba, moshi ulisimama au ulisukumwa chini. Penye upenyo, moshi uliinama ghafla na kuingia ndani, unauona kabisa unavutwa. Nilipata sehemu mbili: kwenye kona ya kushoto na chini ya puli. Zote nikaziba, nikarudia udi mpaka moshi haukuingia popote. Kabla hujajaribu, badilisha kwanza mipira yote ya petroli na uhakikishe hakuna tone linalovuja, maana mipira mikuukuu ya petroli ndiyo inayochoma magari haya. Mimi niliweka na ndoo ya mchanga karibu.

Mengine ni ya kawaida. Tapeti, yaani upenyo wa vali, milimita 0.15 injini ikiwa baridi kabisa, ya asubuhi, si ya "imepoapoa." Oili lita mbili na nusu tu, na kwa kuwa hakuna filta ya karatasi, ni wavu mdogo wa kuosha, imwagwe kila kilomita 5,000 bila huruma. Silinda namba 3 iangalie kwa jicho la pekee: kwenye injini za miaka hii kipoza oili kimesimama ndani ya boksi la feni, kinaikinga silinda hiyo upepo, na ndiyo inayoungua vali kwanza. Fenbelti ukiibonyeza kwa kidole gumba iingie kama sentimita moja na nusu. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka ukiwa njiani, zima hapo hapo ushuke, usiseme nitafika Buhongwa. Huenda fenbelti imekatika, na belti hiyohiyo ndiyo inayozungusha feni.

Rangi nilipulizia mwenyewe, kijani ya kiwandani. Tatizo la kupiga rangi kando ya ziwa ni wale wadudu wadogo wanaopanda kama moshi kutoka majini na kunata kwenye kila kilicho kibichi. Wavuvi waliniambia niepuke siku za mwezi mchanga. Niliepuka, na bado nikaunganisha vyandarua vya zamani nikalifunika gari lote na mimi nikiwa ndani. Hakunata hata mmoja.

Safari ndefu ya kwanza nilikwenda Sengerema kwa daraja jipya la Kigongo–Busisi, zile kilomita 3 juu ya maji, mke wangu akiwa mbele na watoto nyuma. Tulipofika nilizima, nikachomoa dipstiki ya oili nikaishika kwa vidole. Kabla ya mabati, hata mwendo wa kwenda Buhongwa tu ulitosha kuifanya isishikike. Safari hii niliishika nikaifuta taratibu kwa kitambaa.

Fundi wa Nyakato amesikia, akanitumia mtu aulize nimeweka injini gani. Manila zangu bado ninazo, zimekunjwa vizuri. Mwenye 1300 au 1500 ya miaka hiyo na aje achore za kwake, na mzee wa majiko nitampeleka mwenyewe. Za toleo la 1971 kuja mbele asihangaike nazo: kipoza oili kilihamishwa, boksi la feni likabadilika, na bati langu la mbele halitamkaa.