Wanafunzi wangu nisameheni, kule mashambani Ufaransa watu wanasema "veng"

Hii posti nimeiandika nikifuta mara tatu, kwa sababu kila nikianza na makasri naona kama najisifu safari, na mimi si mtu wa safari, mimi ni mwalimu wa Kifaransa hapa Kisumu, mwaka wa kumi na nne sasa, na hiyo miaka yote sikuwa nimekanyaga Ufaransa hata siku moja mpaka Agosti iliyopita. Ndio hivyo. Ni kama mtu wa kufundisha kuogelea ambaye maji ameyaona kwa kalenda tu. Watoto wa Form Two wakiniuliza "mwalimu, kule kukoje" nilikuwa nawaambia wafungue ukurasa wa arobaini na mbili.

Mpwa wangu anasomea Bordeaux na ndiye alinitafutia mwaliko, akaniambia Anko shule zikifungwa kuja, lakini Paris sahau kabisa, pesa yako itaisha kabla ujue stesheni iko wapi, tutaenda mashambani. Nikanung'unika kidogo kwa sababu mtu ukirudi nyumbani bila picha ya ule mnara wa Eiffel watu wanadhani ulikuwa Eldoret. Anyway tukapanda treni ya kutoka Bordeaux hadi Sarlat, karibu masaa matatu hivi, mwanzo ni mizabibu tu imepangwa mistari kama chai ya Kericho, halafu ukishapita Bergerac vilima vinaanza kubana mto, mawe ya chokaa yanachomoza, miti ya mialoni inaweka kagiza, na huo upande ndio wanauita Périgord Noir, yaani Périgord nyeusi.

Tulikodi chumba kwa mzee mmoja mkulima wa walnati, zile njugu za ganda gumu ambazo ndani zimekunjwakunjwa kama ubongo. Mjane, miaka themanini na kitu, mguu mmoja unamsumbua lakini bado anapanda trekta. Jioni ya kwanza akaweka mkate mezani akauliza kama nataka "peng", yaani "pain". Nikamwangalia. Akainua chupa akauliza kama nataka "veng", yaani "vin". Divai nilikataa, mimi ni Msabato, lakini sikuwa nafikiria divai hata kidogo, nilikuwa nafikiria ile kalamu yangu nyekundu. Halafu akasema kesho asubuhi atatupeleka mahali, na "demain matin" ikatoka "demeng mateng", na ile ng' ya mwisho kabisa kama ya ng'ombe, haijafichwa puani kama kwa ile kaseti yetu ya mazoezi ya kusikiliza.

Sasa kama umewahi kukaa darasani kwangu unajua nimekosoa hiyo "demeng" mara ngapi. Nimekata watoto alama. Nimewarudisha wasome tena mbele ya darasa mpaka wenzao wanacheka. Na ile kuongeza vokali mwisho, mtoto anasoma "petite" anaitamka yote pe-ti-te kama neno la Kiswahili, nilikuwa nasema hiyo ni lugha ya mama inaingilia, na kumbe huyu mzee Mfaransa wa kuzaliwa, babu zake wamezikwa hapo hapo, anaongea vile vile. Nililala nikiwa na aibu kidogo.

Kesho yake akatuingiza kwa kaRenault kake ka zamani tukaenda Rouffignac, pango la michoro ya kale. Lascaux, pango lingine la michoro, pia iko karibu, lakini ile halisi ilifungwa 1963 kwa sababu pumzi za watalii zilikuwa zinaharibu kuta, sasa unaonyeshwa nakala, nakala nzuri wanasema, lakini mpwa wangu akasema hajatoka Bordeaux kuangalia fotokopi. Rouffignac ni pango lenyewe. Unapanda katreni ka umeme kanaingia ndani ya mlima polepole, baridi inakushika shingo, na kitu cha kwanza unaonyeshwa si picha, ni mashimo kwenye udongo, mashimo mengi makubwa ambayo dubu wa zamani walijichimbia kulala msimu wote wa baridi, na alama za kucha zao zimebaki kwa ukuta mpaka leo. Halafu mamothi, wale ndovu wa manyoya, zaidi ya 150 humo ndani, mengine yamechorwa kwa mstari mmoja mweusi tu, mgongo, kichwa, mkonga, basi, na unamuona anatembea. Mahali pamoja treni inasimama unashuka unaangalia juu, dari nzima ni wanyama, farasi, mbuzi mwitu, vifaru, mamothi, wamepandana, na katikati yao watu wa karne za juzijuzi wamepita na mishumaa wakaandika majina yao kwa moshi. Kabisa kama vyoo vya shule. Wataalamu wawili, Nougier na Robert, ndio walitambua 1956 kwamba michoro ni ya kale, na kuna wenzao waliobisha sana, wakati pango lenyewe lilikuwa limetajwa kwa kitabu tangu 1575 na watu walikuwa wanaingia tu kutembea. Hiyo ilinichekesha.

Makasri nitasema haraka kwa sababu kila mtu anaandika makasri. Castelnaud liko upande mmoja wa mto Dordogne na Beynac upande ule mwingine, ukisimama kwa hili unaona lile waziwazi, na wakati wa Vita vya Miaka Mia, 1337 mpaka 1453, hapa walikaa watu wa mfalme wa Uingereza na pale watu wa mfalme wa Ufaransa, wanatazamana tu kila asubuhi wakiamka. Castelnaud wameweka mashine za mbao za kurusha mawe, kubwa kuliko matatu. Mpwa yeye alitaka Milandes, kasri la Josephine Baker, yule Mmarekani mweusi aliyecheza Paris na sketi ya ndizi, na hiyo sketi iko pale ndani ya kioo. Alilea pale watoto kumi na wawili aliowachukua kutoka nchi mbalimbali, halafu madeni yakamzidi, 1969 akatolewa, kuna picha amekaa nje kwa ngazi za jikoni na kofia ya plastiki kichwani. Mwaka wa 2021 wakamuingiza Panthéon, lile jengo la mashujaa wa taifa kule Paris. Mpwa wangu alisimama mbele ya hiyo picha muda mrefu, nikamwacha.

Soko la Sarlat ni Jumatano na Jumamosi, Jumamosi ndiyo kubwa, mnajua mimi nilienda lini. Kuna kanisa la zamani la Sainte-Marie wameligeuza soko, wakaliweka milango mirefu ajabu iliyobuniwa na msanifu majengo Jean Nouvel, na pale ndani mahali pa kuomba wanauza jibini na maini ya bata bukini aliyelishwa kwa nguvu. Sikununua maini. Nilinunua mafuta ya walnati kachupa kadogo nikalia moyoni.

Lakini kilichonibeba zaidi ni kutembea. Siku tatu tulitembea tu kwa miguu, njia zimewekwa alama nyeupe na nyekundu kwa miti na mawe, unafuata hiyo alama unapita katikati ya shamba la mtu na hakuna mtu anakufukuza, alizeti zimeshainamisha vichwa, chini mto umetulia na watu wa mitumbwi wanapiga kelele. Na majina ya vijiji, Beynac, Montignac, La Roque-Gageac, Bergerac yenyewe, kila mahali ac ac ac. Mzee akanieleza hiyo -ac ni ya kale sana, kabla hata Kifaransa kuwa Kifaransa, maana yake ni kwa fulani, mahali pa fulani. Nikamwambia mzee hiyo tunayo, sisi Waluo tunaiweka mbele tu, Kanyakwar, Karachuonyo, Kabondo. Akaniambia nirudie Karachuonyo. Akaijaribu mara nne.

Halafu kuna hicho kitu cha vibao. Ukiingia vijiji vingine unakuta kibao cha jina la kijiji, na chini yake kingine cha jina hilohilo likiwa limeandikwa tofauti. Nilidhani ni makosa. Mpwa akauliza mezani, mzee akasema hiyo ni Kioksitani, lugha ya hapa, lugha ya hizo "oc" maana ndivyo walisema ndiyo, na ile "veng" yake imetoka huko, ni Kifaransa kilichovalishwa koo la Kioksitani. Washairi walikuwa wanaimba kwa hiyo lugha kwa mabwana wa hayo makasri. Halafu 1539 mfalme akaamuru mambo ya mahakama yawe kwa Kifaransa, na miaka ya 1880 shule zikawa za lazima, na shuleni ni Kifaransa tu. Babake mzee alipoingia shule alikuwa anajua maneno machache sana ya Kifaransa. Ukikamatwa ukiongea ya nyumbani unapewa kitu, kipande cha mti, unakaa nacho mpaka umsikie mwenzako naye ameteleza, unampa yeye, na atakayekuwa nacho jioni ndiye anaadhibiwa. Walikiita senhal, alama.

Mimi kijiko nikakiweka chini.

Nikamwambia mzee, sisi tuliita disk. Nilivaa darasa la nne. Mbuzi aliingia darasani akaanza kula daftari langu la hesabu na mimi nikapiga kelele "diel!" badala ya kutafuta kwanza mbuzi ni nani kwa Kiingereza. Mzee alicheka mpaka akakohoa, mpwa akampigapiga mgongo. Halafu akauliza, na jioni? Nikamwambia viboko vinne. Akanyamaza, akavunja walnati mbili ndani ya kiganja kimoja, akanisukumia zote mbili. Akasema kwao mbuzi ni "cabro", inaandikwa na a mwishoni lakini inasemwa o. Diel, akasema. Cabro, nikasema. Mpwa wangu, ambaye Dholuo yake ni ya kuombea soda tu kwa nyanya yake, akasema mbuzi, na mzee akataka na hiyo pia arudie, na ng'ambo ya dirisha giza lilikuwa limeshashuka kwa miwalnati na kuna bundi mmoja alikuwa anaita na sisi tuko pale tunahesabu mbuzi.

Muhula wa tatu ukafunguliwa. Wiki ya kwanza kijana wa nyuma akasimama kusoma, akafika "demain matin", akasema demeng mateng, halafu mwenyewe akasimama, akaniangalia kalamu. Nikamwambia kaa chini, nikawaeleza hii hadithi yote, dakika thelathini na tano zikaisha bila zoezi. Nikamwambia kwa mtihani aweke ile ya kaseti, hapo hakuna mchezo, lakini akifika Sarlat asibadilishe kitu.

Sasa shule nzima inaniita Mwalimu Veng, hadi mpishi. Na mimi Msabato, hata kunusa sijanusa.