Niagara Haikusogea

"Baba, hawa si walikuwa upande mmoja? Mbona huyu hakumsaidia mwenzake?"

Nilikuwa narekebisha rangi ya milingoti ya Lawrence, kimoja cha vijimerikebu vyangu vya kuchezea vita vya kale mezani, binti yangu kajiegemeza mezani, kidole chake kimekigusa kingine, Niagara. Kwa kawaida huuliza mambo ya rangi tu. Swali hili lilinipeleka moja kwa moja kwenye lile pambano letu la mezani la Ziwa Erie, Wamarekani dhidi ya Waingereza, ambalo mimi na mwenzangu fulani (mwenyewe anajijua) hatujawahi kulimaliza kulibishania.

Mimi nilikuwa Perry, kamanda wa Wamarekani, ndani ya Lawrence. Yeye alipewa Elliott, nahodha wa Niagara. Kabla hatujaanza, mwamuzi alimpa kila mtu kadi yake ya amri, marufuku kuonyeshana. Tarehe 10 Septemba 1813 Wamarekani walikuwa na merikebu 9, Waingereza 6, na anayehesabu matanga tu ataona ushindi wa chee. Shida ni mizinga. Lawrence na Niagara zilijaa karonadi, mizinga mifupi, minene, inayosaga mbao ikiwa karibu na isiyofaa kitu ikiwa mbali. Detroit, merikebu ya Barclay, kamanda wa Waingereza, ilikuwa na mizinga mirefu iliyotolewa ngomeni kwao. Kwa hiyo Perry hana ujanja: anamwendea adui huku akipigwa, mpaka amfikie. Na inabidi waende wawili.

Zamu za mwanzo hazina hadithi. Mshale wa upepo uligeuka upande wetu, kama ilivyokuwa siku yenyewe, tukawa joshini, upande upepo unakotoka, nikashuka nao.

Nilipofika karibu, nikageuka kutafuta Niagara. Ilikuwa nyuma kabisa, imejipanga kwa adabu nyuma ya Caledonia, kibrigi chetu kizito cha milingoti miwili, kisicho na haraka na mtu.

"Bwana wee, upepo unao! Njoo!"

"Nipo kwenye safu," akajibu.

Zamu iliyofuata Queen Charlotte ya Waingereza, ambayo ndiyo iliyokuwa saizi yake, ilimwacha hapo alipo ikaja kunipiga mimi. Nikamwangalia. Akaisogeza Niagara kadiri Caledonia ilivyosogea, yaani urefu wa ukucha, akarudisha mikono nyuma ya mgongo.

"Nipo kwenye safu."

Sisi merikebu zetu ni za kipimo cha 1:1200, brigi nzima haizidi kifundo cha kidole. Hakuna tundu wala damu; uharibifu tunauonyesha kwa vijipamba, cheupe kwa matanga, cheusi kwa mizinga, chekundu kwa watu. Kufikia hapo Lawrence ilikuwa haionekani. Ilikuwa kifungu cha pamba tu, na katikati yake ncha ya mlingoti mmoja. Kila zamu mwamuzi alinyoosha mkono akaongeza kingine chekundu, taratibu, kama mtu anayeongeza sukari kwenye chai. Mizinga yangu ikabaki mmoja. Kule nyuma Niagara ilikuwa inang'aa, kamba zake zote mahali pake, haina hata uzi wa pamba juu yake. Nadhani hicho ndicho kilichoniudhi zaidi, ule usafi wake.

Nikaomba mashua. Ni kipande cha kijiti cha kiberiti kilichochongwa ncha mbili, na kwa kuwa Perry mwenyewe, kijana wa miaka 28, aliihama Lawrence namna hiyo mnamo saa nane na nusu mchana, sheria zetu zinaruhusu. Nikakishika kwa kibano, nikakiweka kwenye kitambaa cha bluu. Waingereza wakarusha dadu kukilenga. Wakakosa. Nikakisogeza. Wakarusha tena, dadu moja ikagonga ukingo wa meza ikaanguka sakafuni, sote tukainama kuitafuta chini ya viti, na nilipoinuka tukatazamana na mwenzangu uso kwa uso, karibu mno. Hakuwa anacheka. Alikuwa na jasho.

Nikafika Niagara, nikaivunja safu, nikachelewa. Perry wa kweli alipopita katikati ya Waingereza alizikuta Detroit na Queen Charlotte zimenasana zikijaribu kugeuka; mimi nilizikuta zimeachana vizuri tu, na zikanipokea kwa pande mbili. Muda ukaisha.

Ndipo mwenzangu akatoa kadi yake, akaiweka mbele yangu bila neno. Ilimwamuru akae nyuma ya merikebu iliyo mbele yake, nusu urefu wa kamba ya nanga, na apigane na Queen Charlotte. Basi. Kadi yangu ilikuwa na hayo hayo, ila mstari mmoja zaidi: nahodha atakayemfikia adui ubavuni hawezi kuwa ametoka mahali pake. Mwamuzi alikuwa ameufuta kwake makusudi, na alionekana kujipenda sana.

Tukamlaumu mwamuzi, tukacheka. Lakini mimi bado sijaridhika. Kadi inamtoa hatiani mwenzangu, haimtoi Elliott, maana Elliott alikuwepo kikaoni usiku wa kuamkia vita, Perry alipowaambia manahodha wake mstari ule, na neno lile alilisikia. Mwenzangu hunijibu kwamba neno la kikaoni si amri, na kwamba upepo ulikuwa hafifu. Wenyewe hawakuelewana pia: mwaka 1818 Elliott alimtaka Perry wapigane kwa bastola, Perry akajibu kwa kumwandikia mashtaka, na mwaka uliofuata akafa kwa homa ya manjano kesi haijasikilizwa.

Binti yangu nilimwambia Niagara iliambiwa ingoje. Akauliza, "Na nani?" Nikampa brashi apake mawimbi.

Safari ijayo nimeomba nipewe Barclay. Ana merikebu chache, mkono mmoja, na mizinga anayoilipua kwa kuifyatulia bastola kwenye tundu la baruti. Lakini nahodha wake wa Queen Charlotte alisogea mwenyewe bila kuitwa.