Tulivyomchagua Boa wa Mpwa Wangu, Mimi Nikiwa Tabora

Mpwa wangu aliponipigia kutoka Texas kuniambia anataka kufuga nyoka mkubwa, sikushangaa. Amekulia hapa Isevya, nyumba moja nami, na babu yake alikuwa myeye. Kwa asiyewajua, wayeye ni wale wacheza ngoma na nyoka wa Unyamwezini na Usukumani, ambao pia ni waganga wa walioumwa na nyoka. Mimi nilimbeba chatu kabla sijaanza darasa la kwanza: mzee kashika kichwa, mimi nimepewa mkia na onyo nisiuvute.

"Mjomba, nataka chatu kama wale wa babu."

Nikakataa kabla hajamaliza. Chatu wa kwetu akikomaa anaweza kupita mita nne, ana nguvu za kumshinda mtu mmoja, na wengi wao ni wakali. Babu yake hakuwa peke yake anapomshika. Walikuwa watu wazima watatu, wanne, waliofunzwa kwa miaka. Hata hapa Tabora huwezi kumtoa chatu porini ukamfungia chumbani, kwa kuwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali. Huko aliko, Marekani ilimtia chatu wa Afrika kwenye orodha ya viumbe waharibifu mwaka 2012, na Texas nayo inadai kibali cha kumfuga. Hawakufanya hivyo bure. Kule Florida chatu wa Burma walitoroka na wengine wakaachiwa na waliowafuga, wakazaana kwenye mabwawa ya Everglades, na wanyama wadogo wa huko wamepungua mno.

Ndipo tukageukia boa. Kiswahili humwita chatu karibu kila nyoka mkubwa anayeua kwa kubana, lakini boa ni ukoo mwingine. Chatu hutaga mayai na kuyazungukia. Boa huzaa watoto hai wanaojitegemea tangu siku hiyo. Mimi sikuwahi kumshika boa. Nilichokuwa nacho ni jicho la kumsoma nyoka, naye alikuwa na vitabu na wafugaji wa kuwauliza. Tukaongea kila jioni, saa nne usiku kwangu, yeye ndiyo kwanza ameamka kutoka zamu ya usiku.

Nilianza na maswali yasiyohusu nyoka. Vyumba vingapi? Mwenye nyumba anasemaje? Ukisafiri, nani anabaki? Akaenda kwa mwenye nyumba, akarudi na ruhusa ya maandishi: mnyama mmoja, kizimba kimoja. Ukuta uliobaki wazi ulitosha kizimba cha sentimeta 180 kwa 60. Ukuta huo ulitupunguzia kazi kubwa, maana tulijua tunatafuta nyoka asiyezidi mita mbili hivi, ambaye kijana mmoja anaweza kumwinua bila kuita jirani.

Anakonda, ambaye naye ni wa ukoo wa boa, hatukumjadili. Boa wa kijani wa mitini tulimwacha upesi: meno yake ni marefu sana, anataka unyevu mwingi, na si nyoka wa kushikwashika. Boa wa upinde wa mvua alimtoa mpwa wangu machozi kwa uzuri wa magamba yake yanayometa rangi zote mwangani. Lakini anahitaji unyevu wa asilimia 75 na zaidi karibu muda wote, na mtu anayelala mchana na kufanya kazi usiku hawezi kuulinda unyevu huo. Boa wa mkia mwekundu wa Suriname na Guyana anaweza kufika mita tatu, na tumbo lake ni jepesi kuvurugika, ukimlisha kupita kiasi anatapika.

Mimi nilimpenda boa wa Dumeril wa Madagaska. Ni mpole, hukaa chini kwenye majani makavu rangi moja nayo, na anatoka upande wetu wa bahari. Mpwa wangu alitaka nyoka anayepanda na kuzunguka, na Dumeril hukaa pale pale siku nzima. Hapo nilinyamaza, maana mwenye kukaa naye si mimi.

Tukabaki na boa wa Amerika ya Kati na Kolombia, ambaye kitaalamu ni Boa imperator. Jike hufika mita mbili na zaidi, dume kwa kawaida huwa pungufu ya hapo, kwa hiyo tukasema dume. Wayeye humtambua chatu dume kwa vijikucha viwili pembeni mwa mkundu, mabaki ya miguu ya zamani, na boa anavyo vile vile. Vya dume huwa vikubwa zaidi.

Muuzaji wa kwanza nusura atuumize. Mpwa wangu alinionyesha kwa video nyoka mzuri, wa bei nafuu, amejikunja ndani ya bakuli la maji. Nikamwambia angoje dakika kumi. Hakutoka majini. Nikaomba asogeze kamera machoni, nikaviona: vidoa vyeusi vinatembea pembezoni mwa jicho. Utitiri. Nyoka mwenye utitiri hujizamisha ili apate nafuu. Na kwa boa si kero ya ngozi tu, kwani kuna ugonjwa wa virusi ambao boa anaweza kuubeba muda mrefu bila dalili, hauna tiba, na utitiri unashukiwa kuusambaza. Muuzaji akasema ni vumbi. Mpwa wangu aliumia kumwacha yule nyoka, nami niliumia, lakini tuliondoka.

Wa pili tulimpata kwa mfugaji aliyemzalisha mwenyewe. Alikuwa na mwaka mmoja, anakula panya waliogandishwa na kuyeyushwa, na mfugaji alitoa kumbukumbu za kila mlo. Daktari wa wanyama akampima damu.

Dada yangu ndiye aliyeuliza swali lililobaki: ataishi miaka mingapi? Wengi hufika 20 au 30. Boa mmoja wa Philadelphia Zoo, Popeye, alikufa mwaka 1977 akiwa na miaka 40 na miezi mitatu. Dada akanyamaza, kisha akamuuliza mwanawe kama mke atakayemwoa atakubali. Alijibu kwamba atamwambia siku ya kwanza.

Kizimba kilikuwa tayari wiki mbili kabla: upande mmoja nyuzi joto 32, wa pili 25, themostati ya kudhibiti joto hilo, sehemu mbili za kujificha. Wiki ya kwanza hakumgusa kabisa. Panya hazidi unene wa tumbo la nyoka, na kila wiki mbili inatosha. Baada ya mlo haguswi kwa siku mbili.

Mwezi wa pili alijivua gamba, likatoka zima kuanzia mdomoni hadi ncha ya mkia. Mpwa wangu akalitandaza sakafuni na kulipima kwa futi, akaniandikia kwa furaha kwamba nyoka amerefuka ghafla. Nikamwambia gamba hunyumbuka likitoka, huwa refu kuliko mwenyewe; apime uzito. Akamweka kwenye mzani wa jikoni ndani ya beseni, mkono mmoja chini ya tumbo, kichwa akakiacha kiende kinakotaka. Gramu 640.