Mwamba ambao haujaguswa

Jana nimezamia kwenye mwamba wa matumbawe ambao haujaguswa, na mpaka sasa moyo haujatulia. Matumbawe nimeyaona sana, ila mengi yalikuwa vifusi tu: yamevunjwa na nanga, yamekwanguliwa na nyavu, au yamebaki meupe kama mifupa. Haya yalikuwa hai!

Kilichonishika kwanza ni sauti. Ukitulia unasikia mlio kama kuni zinazopasukapasuka motoni. Ni kamba wadogo wanaofyatua magando yao. Halafu pono wanaguguna mwamba, kru, kru. Mmoja alipita mbele ya miwani yangu akaachia nyuma wingu la mchanga mweupe. Naam, mchanga mwingi wa fukwe za matumbawe umepitia tumboni mwa samaki huyo.

Palikuwa na tumbawe moja la mviringo, kubwa kuliko gari dogo. Aina hiyo hukua kama sentimita 1 kwa mwaka, sasa piga hesabu limekuwapo tangu lini. Niliogopa hata kulikaribia, nisije nikaligusa kwa mguu.

Miamba hii haifiki asilimia 1 ya sakafu ya bahari, lakini karibu robo ya aina zote za viumbe wa baharini huitegemea. Na tangu 2023 joto limeyapausha matumbawe katika bahari nyingi duniani. Tumbawe likizidiwa hutimua mwani mdogo unaolilisha, na joto lisipopungua, linakufa njaa.

Nilipoibuka mwenzangu aliniuliza, "Vipi huko chini?" Sikuweza kumjibu. Nililia.